Wako wangapi wenye jina kama lako? Piga hesabu hii

Unakuta jina lako, yote matatu, kwenye orodha ya wadaiwa. Deni si lako. Kabla ya kushtuka, piga hesabu.

Sensa ya 2022 ilihesabu Tanzania watu milioni 61.7, wanaume wakiwa kama milioni 30. Tuseme, kwa mfano tu, kila wanaume 100 mmoja anaitwa Juma, na kila 200 mmoja baba yake ni Hamisi. Gawa milioni 30 kwa 100, kisha kwa 200. Unapata akina Juma Hamisi 1,500.

Ila hesabu hiyo inapunja. Juma na Hamisi ni majina yanayotembea pamoja. Ni nadra mzee Hamisi kumwita mwanawe Petro. Kama majina ya aina hiyo yako kwa nusu tu ya wanaume, basi ndani ya hao milioni 15 Juma ni mmoja kwa 50, na mwenye baba Hamisi ni mmoja kwa 100. Jibu linaruka hadi 3,000.

Jina la tatu linapunguza, lakini si kila mara. Wengi humpa mtoto jina la babu yake, ndiyo maana akina Juma Hamisi Juma hawaishi. Hapo jina la tatu halichuji sana.

Kwa hiyo ukidaiwa kwa jina tu, omba walinganishe namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Mara nyingi hizo 8 tu zinatosha kumtenga Juma mwingine.