Porto Kavu, Divai ya Kabla ya Chakula

Ikitajwa divai ya Porto, wengi huwaza kinywaji chekundu, kizito na kitamu, kinachonywewa mlo ukishakwisha. Lakini Wareno wana ndugu yake mweupe, mkavu, ambaye kazi yake ni kutangulia chakula. Nje ya Ureno hapewi heshima anayostahili.

Zabibu zake, za aina kama Malvasia Fina, Gouveio, Viosinho na Rabigato, hutoka bonde la mto Douro, kaskazini mwa nchi, eneo lililowekewa mipaka rasmi tangu 1756. Maji ya zabibu yakianza kuchacha, chachu hula sukari na kuigeuza pombe. Kwa Porto tamu, baada ya siku mbili tatu hivi humiminwa spiriti ya zabibu yenye nguvu ya asilimia 77. Chachu hufa, sukari iliyosalia haiguswi tena. Anayetaka divai kavu huvuta subira. Huiacha chachu iendelee kula, ndipo amimine spiriti yake, na divai hufikia asilimia 19 au 20 ya pombe.

Hata hivyo, neno la lebo lisipokelewe juujuu. Chupa iliyoandikwa “seco” yaani kavu, huruhusiwa kuwa na gramu 40 hadi 65 za sukari kwa lita. “Extra seco” ni chini ya 40. Divai kavu ya kawaida ya mezani huwa na gramu chache tu! Ukavu wa Porto, basi, ni wa kulinganisha na Porto wenzake. Kampuni ya Taylor's ilitoa Chip Dry, Porto kavu yake, mwaka 1934, na mpaka leo ipo sokoni.

Wajuzi huipoza Porto kavu hadi nyuzi 6 mpaka 10. Ikizidi baridi, harufu hujificha; ikipata joto, spiriti huchoma pua. Hutiwa kidogo kwenye glasi, kisha glasi huinuliwa mbele ya kitambaa cheupe. Changa huwa na rangi ya majani makavu na harufu ya ganda la limau. Iliyokaa miaka kwenye mapipa huelekea dhahabu na kunukia lozi na asali. Mdomoni, utamu mdogo hutangulia, hufuatwa na joto la pombe, halafu uchungu kidogo wa lozi unaobakia kooni. Ndiyo maana lozi zilizokaangwa kwa chumvi, pamoja na zeituni, huwekwa pembeni: chumvi huupunguza ule uchungu.

Mjini Porto, jioni za joto, divai hii huchanganywa na maji ya toniki, barafu, mnanaa na kipande cha chungwa. Divai changa, ya bei nafuu, inafaa kabisa kwa kazi hiyo. Ile ya mapipa kuitia toniki ni hasara tupu. Inywewe yenyewe, na chupa ikishafunguliwa ikae kwenye friji, inywewe ndani ya wiki chache.