Geto lako linapumua?

Jumapili moja nilimpitia mshikaji wangu Manzese, mida ya saa nne asubuhi. Kafungua mlango macho mekundu, anapiga miayo kama mlinzi aliyekesha.

"Kaka, nimelala masaa tisa, lakini kichwa kinaniuma balaa!" akaniambia.

Nilipochungulia ndani nikamjua mchawi wake. Chumba cha futi kumi kwa kumi, wanalala wawili, yeye na mdogo wake. Dirisha limefungwa kwa kuogopa vibaka, pazia zito, na chini ya mlango kasokomeza tambara kuzuia mbu.

"Lakini feni si ipo?" akajitetea.

Hapo ndipo vijana wengi tunapojidanganya. Feni haileti hewa mpya, inakoroga ileile mliyokwishaitumia. Na wewe unayetamba na kiyoyozi cha ukutani usicheke: vingi vinavuta hewa ya chumbani, vinaipooza na kuirudisha humohumo.

Sasa chukua kalamu tupige hesabu. Zidisha urefu wa chumba kwa upana, kisha kwa kimo mpaka darini. Geto la mita 3 kwa 3, lenye kimo cha mita 2.7, lina kama mita za ujazo 24 za hewa. Mwaka 2021, wakati wa UVIKO-19, Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mtu aliyemo nyumbani apate angalau lita 10 za hewa safi kwa sekunde. Kwa saa ni mita za ujazo 36. Mkiwa wawili ni 72. Gawanya kwa 24, unapata 3. Yaani hewa inayoingia kila saa inatakiwa itoshe kujaza geto zima mara tatu. Akija binamu kutoka kijijini kulala chini, hesabu inapanda tena.

Mambo haya si ya leo. Mwaka 1858 Mjerumani Max von Pettenkofer alisema hewa ya ndani haifai ikizidi sehemu moja ya kaboni dayoksaidi katika elfu. Watu wawili wakilala kwenye geto hilo likiwa limezibwa kabisa, mpaka huo wanauvuka kabla saa moja haijaisha. Na mmoja akiwa na kifua kikuu, mwenzake anakivuta usiku kucha.

Utajuaje kama lako linapumua? Washa udi, uweke karibu na dirisha. Moshi ukipanda wima tu bila kuyumba, ujue hewa imelala. Hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea, hivyo madirisha mawili ya kuta tofauti ndiyo bomba. Kama ni moja, mwombe mwenye nyumba atoboe tundu juu ya mlango, aliwekee wavu. Vibaka wazuie kwa nondo, mbu kwa chandarua cha kitandani, dirisha libaki wazi. Na zile nyavu za dirishani zioshe jamani, vumbi likiziba hewa haipiti.

Ila kuna noma moja ambayo hesabu hii haiitibu: jiko la mkaa. Mvua ikinyesha, mtu analiingiza ndani, anafunga mlango na kulala. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Unasinzia, huamki. Jiko libaki nje, hata likionekana limezimika.

Mshikaji wangu alitoa lile tambara, akafungua dirisha. Nondo kaweka mwenyewe, baada ya mwenye nyumba kumpiga chenga mwezi mzima. Kwa hiyo wewe unayehamia, kabla hujakabidhi kodi ya miezi sita, kayahesabu kwanza madirisha.

Tukutane wiki ijayo.