Kabla ulipe karo ya uzamili, jiulize itakufikisha wapi

ULIHITIMU shahada ya kwanza miaka miwili iliyopita. Umetuma maombi ya kazi hadi ukapoteza hesabu. Wenzako mliovaa majoho siku moja wameanza kujisajili kwa shahada ya uzamili, picha za barua za kukubaliwa zinajaa kwenye WhatsApp, na nyumbani mama ameanza, "Si heri hata urudi shule kuliko kukaa tu?"

Basi usiku mmoja unafungua tovuti ya chuo. Orodha ya kozi ni ndefu kama foleni ya magari Thika Road saa kumi na mbili jioni. Unachagua ile yenye jina zuri, unalipa ada ya maombi kwa M-Pesa, unalala ukiwa na amani.

Hapo ndipo vijana wengi hukosea njia, na huja kugundua wakiwa wamechelewa. Pita ofisi yoyote jijini Nairobi na hutakosa mtu aliyemaliza masomo ya darasani zamani ila bado "anaandika tasnifu". Ukimuuliza itaisha lini, anacheka na kubadilisha mada. Karo ilikwenda, mkopo bado unakatwa kwenye mshahara, na cheti hana.

Usiwe huyo. Haya ni mambo ya kupima kabla hujajisajili.

Anza na kazi unayoitaka

Swali la kwanza si "nisome nini?" Jiulize unataka kufanya kazi gani miaka mitano ijayo, na kama kazi hiyo kweli inadai uzamili.

Kuna kazi ambazo hazina njia nyingine. Daktari anayetaka kuwa mtaalamu wa upasuaji au wa magonjwa ya watoto lazima arudi darasani kwa uzamili wa udaktari. Anayetaka kufundisha chuo kikuu anahitaji uzamili, na hata huo ni ngazi tu ya kumfikisha kwenye uzamifu. Katika utumishi wa umma, kuna vyeo vya juu ambavyo hutavipanda bila shahada ya pili hata ukiwa mchapakazi namna gani.

Lakini kuna kazi ambazo mlango wake ni mwingine kabisa. Una shahada ya sayansi au sanaa na unataka kufundisha shule ya upili? Unachohitaji ni stashahada ya uzamili katika elimu ili usajiliwe na Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Kozi hiyo ni fupi na nafuu kuliko uzamili. Unataka kuwa mhasibu? Waajiri wengi watakuuliza kama una CPA ya KASNEB kabla hawajakuuliza habari za shahada ya pili. Uzamili wa sheria nao hautakufanya wakili ikiwa hujapitia mafunzo ya Kenya School of Law.

Jaribu hivi. Tafuta matangazo kumi ya kazi unayoitamani. Soma sehemu ya sifa zinazohitajika, neno kwa neno. Hesabu ni mangapi yanasema uzamili ni lazima, na ni mangapi yanasema utakuwa faida tu. Kama tisa kati ya kumi yanadai tajriba ya miaka mitatu na hayataji uzamili popote, umepata jibu lako bila kulipa hata ndururu. Tafuta tajriba kwanza.

Ndiyo maana pia usikimbilie uzamili wa usimamizi wa biashara kabla hujafanya kazi popote. Darasa hilo hunoga mtu akiwa na ofisi ya kusimulia: bosi mgumu, bajeti iliyoisha kabla ya mwezi, mteja aliyehama. Ukiingia mikono mitupu, utabaki kunakili noti.

Tasnifu ndiyo mtihani wenyewe

Hapa nchini, uzamili kwa kawaida huchukua miaka miwili. Mwaka wa kwanza ni masomo ya darasani, mwaka wa pili ni utafiti. Mwaka wa kwanza haumtishi mtu aliyepita shahada ya kwanza. Ni wa pili unaowanasa watu.

Utaandika pendekezo la utafiti na kulitetea mbele ya wahadhiri. Utaomba kibali cha utafiti kutoka NACOSTI. Utakwenda nyanjani kukusanya data, utaichanganua, utaandika, utarekebisha, utarekebisha tena. Hakuna kengele ya kukuamsha, hakuna mtihani wa Jumatatu. Ni wewe na msimamizi wako, ambaye huenda ana wanafunzi wengine kibao.

Kwa hivyo, kabla ya kuchagua kozi, uliza kama inakuruhusu kuchagua kati ya tasnifu kamili na mradi mfupi wa utafiti. Ikiwa ndoto yako ni uzamifu, nenda na tasnifu. Ikiwa unataka ujuzi wa kazini tu, mradi mfupi utakufaa na utamaliza mapema.

Halafu fanya upelelezi. Vyuo vikuu vingi huweka tasnifu za wanafunzi wao mtandaoni. Chuo Kikuu cha Nairobi kina hazina kubwa ya namna hiyo. Ingia, tafuta tasnifu za idara unayoitaka, usome moja. Ukichoka kabla ya ukurasa wa kumi, jiulize utawezaje kuandika yako. Angalia pia majina ya wasimamizi yanayojirudia, kwa sababu hao ndio wanaowafikisha wanafunzi mwisho.

Chukua pia kijitabu cha mahafali cha chuo hicho. Hesabu waliohitimu katika kozi yako. Kisha uliza idarani huwa wanasajili wangapi kwa mwaka. Wakisajili arobaini na kila mwaka wanahitimu wanne, hesabu hiyo haihitaji profesa kukueleza.

Na ukiwaona wale jamaa wanaobandika matangazo ya "tunaandika tasnifu" kwenye nguzo za stima, pita tu. Siku ya kutetea utakuwa peke yako mbele ya jopo, na utaulizwa kwa nini ulichagua mbinu ambayo hukuichagua.

Thibitisha kozi inatambuliwa

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) ndiyo huidhinisha kozi nchini, na huchapisha orodha ya zile zilizoidhinishwa. Usitosheke kwamba chuo kina jina kubwa. Angalia kama kozi yenyewe, kwa jina lake kamili, imo.

Angalia na masharti ya kujiunga. Vyuo vingi vya hapa hutaka daraja la pili la juu. Ukiwa na daraja la pili la chini, mara nyingi utaitishwa miaka kama miwili ya tajriba katika taaluma hiyo. Hilo lisikuvunje moyo: miaka hiyo miwili huenda ndiyo itakayokufunza ni kitu gani hasa unataka kusoma.

Pesa, yote hadi ya mwisho

Karo iliyo kwenye tovuti si bei kamili. Ongeza nauli ya jioni, kibali cha utafiti, gharama za nyanjani, uchapishaji na kujalidi tasnifu. Ukipitisha muda, mara nyingi utatozwa tena kila muhula unaoongezeka. Piga hesabu ya miaka mitatu hata kama kozi ni ya miwili. Ikikushinda kwenye karatasi, itakushinda zaidi mfukoni.

Bodi ya HELB hutoa mikopo ya uzamili pia, na wengine hutumia Sacco. Lakini mkopo ni mkopo. Ukopee kozi ambayo tayari umeona itakuongezea nini.

Kuna ufadhili pia, na huu unataka mpango wa mapema. Chevening ya Uingereza hulipia uzamili wa mwaka mmoja, lakini inadai saa 2,800 za tajriba ya kazi, na ukimaliza lazima urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Erasmus Mundus hukusomesha katika nchi mbili au zaidi. Huko Ujerumani, vyuo vingi vya umma havitozi karo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Hata palipo bure, utahitajika kuonyesha pesa za kujikimu kabla ya kupewa viza. Na si lazima upande ndege ya saa nane: Carnegie Mellon ina chuo chake Kigali, Rwanda, kinachofunza uzamili wa teknolojia na uhandisi.

Muda wako uko wapi?

Tuseme unafanya kazi Industrial Area na unatoka saa kumi na moja. Darasa linaanza saa kumi na moja na nusu katikati ya jiji. Unajua vizuri foleni ya pale. Ukitoka darasani saa mbili na nusu usiku, bado una matatu ya kwenda Rongai, sufuria ya kupika na kazi ya kusoma. Utafanya hivyo mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima.

Kama mwajiri hatakuruhusu utoke mapema, tafuta kozi ya wikendi, ya likizo au ya mtandaoni. Zungumza na bosi kabla hujajisajili. Mwenye mtoto mdogo au mzazi mgonjwa azungumze na watu wa nyumbani pia, kwa sababu mzigo huo mtaubeba pamoja.

Ukipima yote haya ukaona njia iko wazi, jisajili na usitazame nyuma. Ukiona bado, subiri. Kusubiri si kufeli, na vyuo hufungua milango kila mwaka.

Na mama akiuliza tena kwa nini hujarudi shule, mketishe. Mwonyeshe yale matangazo kumi ya kazi, hesabu yako ya karo na tarehe uliyojiwekea. Akiona una mpango, huenda yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kukuchangia.