Mbwa wa ulinzi na mchana wake

Katika miji yetu mingi, mbwa wa ulinzi hufungiwa bandani alfajiri na kufunguliwa usiku. Eti akizoea watu, ukali utamtoka. Mimi ni daktari wa mifugo, na imani hiyo naipinga kwa moyo wote: inamtesa mbwa na haimlindi mwenye nyumba.

Mlinzi mzuri anajua lipi la kila siku na lipi geni. Anayeshinda bandani hupata vishindo tu: pikipiki, muuza maziwa akigonga geti, watoto wakitoka shule. Haoni kinachopita wala hawezi kukisogelea akinuse, basi kila sauti kwake inakuwa hatari. Usiku atabwekea paka, upepo na jirani kwa sauti ile ile, mpaka wenye nyumba wazoee na asiwepo hata mmoja wa kuamka kuchungulia.

Mbwa mwenye dhiki hujionyesha. Huzunguka palepale hadi ardhi inalika, hulamba mguu wa mbele mpaka manyoya yanaisha na kidonda kinabaki, hupiga miayo bila usingizi. Kutikisa mkia nako si furaha kila mara. Mwili ukiwa umekakamaa, usimsogelee. Na ile sura ya kuinamisha kichwa, tunayodhani ni kukiri kosa? Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alionyesha kuwa mbwa huitoa zaidi anapokaripiwa, awe amekosa au hajakosa. Ukimchapa jioni kwa kuku aliyemla asubuhi, atakachojifunza ni kukuogopa wewe.

Nafuu huanzia puani. Binadamu ana vipokezi vya harufu milioni 5 au 6 hivi. Mbwa ana zaidi ya milioni 100. Mbwa asiyepata cha kunusa ni kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni kutwa. Mtembeze kwa kamba asubuhi kabla jua halijawaka, na umwache asimame kwenye kila nguzo anayoitaka, hata kama mwendo utakuwa wa konokono. Siku usiyopata nafasi, chukua dagaa wachache wasio na chumvi uwatawanye kwenye majani nyuma ya nyumba. Utaona pua inakwenda chini, pumzi zinatoka fupi fupi, masikio yanalegea. Akimaliza kuwatafuta atajinyoosha, kisha alale. Na usingizi huo anauhitaji sana, maana usiku alikesha: mpe kivuli, maji safi na mahali ambapo watoto hawamrushii mawe.

Wapo wasomaji, hasa Waislamu, wasioingiza mbwa ndani. Hakuna ninalolisema linalodai aingizwe. Kumwita jina, kumsemesha kwa upole unapompelekea chakula, kumlisha saa ile ile kila siku, yote hufanyika uani, na yanamtuliza.

Kwa mtoto wa mbwa muda ni mfupi. Takriban kati ya wiki ya 3 na ya 14 ya umri ndipo anapojifunza yapi ya dunia si ya kuogopwa; baada ya hapo hofu huota mizizi. Usimtoe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Wakati chanjo zake hazijakamilika mbebe mikononi, aone bodaboda, wazee wenye bakora, wanawake wenye miavuli, mbuzi.

Ila mbwa mpole akigeuka mkali ghafla, usikimbilie kulaumu malezi. Mara nyingi ni maumivu: sikio limeoza, jino limevunjika, nyonga inauma. Mwite daktari. Na kama anatoa udenda, anayumba au anang'ata chochote kilicho mbele yake, usimguse. Huenda ni kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo tu.