DEREVA ALIYEPATWA NA MARADHI NJIANI



Askari wa barabarani aonapo gari likiyumba, mara kushoto mara kulia, wazo la kwanza limjialo ni kwamba dereva wake amelewa. Wazo hilo si la ajabu, kwani walevi wapo na madhara yao twayajua. Walakini iko hali nyingine ifananayo mno na ulevi, nayo ni maradhi. Tumeona ni kheri mwezi huu tuizungumze, kwa kuwa katika nyumba zetu nyingi mna mgonjwa wa sukari, au wa moyo, au wa kifafa, na baadhi yao huendesha gari kila siku.

Natuanze na sukari. Mtu atumiaye insulini, au baadhi ya vidonge vya ugonjwa huo, sukari ya damu yake huweza kushuka ghafula, khasa akichelewa kula. Ubongo bila sukari ni kama taa bila mafuta. Hapo mtu hutoka jasho, hutetemeka, ulimi huwa mzito, na akiulizwa jambo hujibu jingine. Akizidiwa huweza kuwa mkali, wala hajui atendalo, kisha huzimia. Ama sukari ikipanda mno, pumzi ya mgonjwa huweza kutoa harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, na asiyejua hudhani ni pombe. Tazameni basi jinsi mtu asiyepata kuonja kileo maishani mwake awezavyo kutiwa pingu kwa ulevi!

Jambo hili si la kukisia. Tarehe 29 Oktoba 2010, katika mji wa Henderson, jimbo la Nevada, huko Marekani, askari walilisimamisha gari lililokuwa likiyumba. Mmoja alimwelekezea dereva bastola na kumwamuru atoke. Yule mtu hakufahamu alichoambiwa, kwa kuwa sukari yake ilikuwa imeshuka. Wakamburura nje, wakamlaza chini, wakamkandamiza, na mmoja wao akampiga mateke ya kichwani. Walipompekua ndipo walipoikuta dawa ya insulini mfukoni mwake, wakaita gari la wagonjwa. Mbavu zilikuwa zimevunjika. Picha za tukio hilo zilinaswa na kamera ya gari la polisi lenyewe, na mwaka 2012 mji na jimbo walikubali kumlipa yeye na mkewe jumla ya dola 292,500. Fedha hizo zilitoka katika mfuko wa watu wote, kwa sababu ya swali moja ambalo halikuulizwa mapema: je, wewe ni mgonjwa?

Hatusemi haya ili kuwatukana askari. Kazi yao ni nzito. Husimamisha gari usiku, na hawajui aliye ndani ni mwema au mwovu. Lakini dhana si hakika, na zipo njia za kuipambanua. Kipimo cha pumzi kikionyesha kwamba hapana pombe, na mtu angali amechanganyikiwa, basi askari na atafute maradhi. Amtazame mkononi na shingoni kama amevaa bangili au kidani kitajacho ugonjwa wake. Autazame uso: ukilegea upande mmoja, mkono ukakosa nguvu, na maneno yakavurugika, hicho huenda ni kiharusi, na kila dakika ipoteayo huua sehemu ya ubongo. Azime injini, avute breki ya mkono, aite gari la wagonjwa. Mwenye kifafa asizuiwe kwa nguvu wala asitiwe kitu kinywani. Aondolewe vitu viwezavyo kumwumiza, na degedege likitulia alazwe ubavu. Aliyezimia asiyepumua akandamizwe kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka waganga wafike.

Wala kazi hii si ya askari peke yao. Mwezi Mei 2021, katika mji wa Boynton Beach, jimbo la Florida, mwanamke mmoja alizimia akiwa usukanini, na gari lake likaanza kutambaa kuelekea katikati ya njia panda. Mwenziwe wa kazini alimwona, akashuka garini mwake na kukimbia akipunga mikono. Watu wasiojuana wakatoka magarini, wakalizuia lile gari kwa mikono yao. Wengine wakavunja kioo cha nyuma, mmoja akapenya ndani na kufungua mlango. Kisha wakalisukuma gari hadi mahali pa salama, na muuguzi akamhudumia mgonjwa hata msaada ulipofika. Polisi wa mji ule waliwatafuta wasaidizi hao, wakawakutanisha na yule mama. Huo nao ni uaskari mwema.

Sasa tugeuze uso kwa dereva mwenyewe, kwani naye ana lake. Tarehe 22 Desemba 2014, mjini Glasgow, huko Scotland, dereva wa lori la taka alizimia akiendesha. Kwa sekunde 19 lile lori lilikwenda bila mwongozaji miongoni mwa watu waliokuwa wakinunua vitu. Watu 6 walikufa na 15 wakaumia. Uchunguzi wa mahakama mwaka 2015 ulionyesha kwamba alipata kuzimia usukanini mwaka 2010, akiwa dereva wa basi, na khabari hiyo hakuieleza kwa ukweli kwa waganga, wala kwa watoao leseni, wala kwa waliomwajiri. Alichelea kukosa kazi, na watu sita wakakosa roho. Siri ya ugonjwa ni ya mtu, lakini barabara ni ya watu wote.

Basi yatupasa nini majumbani mwetu? Uingereza humtaka dereva atumiaye insulini apime damu yake katika muda usiozidi saa mbili kabla ya kuondoka, na tena kila saa mbili akiwa safarini. Kipimo kikiwa chini ya 5, ale kwanza. Kikiwa chini ya 4, asiendeshe kabisa, na baada ya sukari kurejea angoje dakika 45. Ni kanuni njema kwa kila mahali. Pawe na sukari au sharubati garini daima, na karatasi yenye jina la ugonjwa na la dawa.

Na mwezi wa Ramadhani jambo hili huzidi uzito. Saa ya alasiri, tumbo likiwa tupu na watu wakikimbilia nyumbani kufuturu, ndipo mgonjwa wa sukari akaribiapo hatari. Sheria yetu imempa mgonjwa rukhsa ya kula, na rukhsa ni rehema, si aibu. Amwulize mganga wake kabla ya mwezi kuandama. Ahisipo kutetemeka akiwa njiani, asimamishe gari pembeni, afungue saumu yake papo hapo. Siku moja hulipwa kwa siku nyingine, lakini roho iliyokanyagwa barabarani hailipiki.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu.