Picha ya setilaiti ikichelewa, mafuriko hayangoji

Sisi wa Pwani tukisikia habari za setilaiti hukumbuka Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la baharini tarehe 12 Desemba 1970. Leo naomba tutazame bara, Kitale na Bungoma, kwa sababu huko faida ya picha inayofika mapema ni rahisi kuiona.

Mto Nzoia hukusanya maji ya milima ya Cherangany na Elgon, ukapita Trans Nzoia na Bungoma, kisha ukateremka Budalang'i na kuingia Ziwa Victoria. Mvua kubwa ikinyesha juu, maji huchukua muda kufika chini. Muda huo ndio wa kuhamisha watoto, wazee na mifugo. Picha inayofika wiki ya pili ni ya kuandikia ripoti tu.

Kinachochelewesha ni nini? Kwanza, setilaiti hupita kwa zamu: Landsat 8 na 9 kwa pamoja hurudi mahali pamoja kila baada ya siku 8. Pili, ni mawingu, ambayo msimu wa mvua huufunika Mlima Elgon. Dawa yake ni rada, kama ile ya Sentinel-1 ya Ulaya, inayopenya mawingu na kuona hata usiku. Tatu, ni marekebisho: wataalamu husubiri vipimo kamili vya mahali setilaiti ilipokuwa.

Hatua hii ya tatu NASA imeifupisha. Mfumo wake wa LANCE hutumia makadirio ya njia ya setilaiti bila kungoja vipimo vya mwisho, na data yake nyingi hutoka ndani ya saa 3. Usahihi hupungua kidogo, lakini anayetafuta moto msituni au maji yaliyofurika hapotezi kitu kikubwa.

Kwa maoni yangu, kazi iliyobaki ni ya hapa chini. Nairobi tuna kituo cha RCMRD tangu 1975, na Shirika la Anga za Juu la Kenya tangu 2017. Lakini saa 3 za angani zafaa nini ikiwa taarifa italala mezani siku 3? Iende kaunti, kwa chifu na kwenye redio siku hiyo hiyo, kwa maneno mepesi: maji yamefika hapa, hamieni pale.

Na wenzetu wa Mto Tana na Sabaki wanalihitaji jambo hili vilevile. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.