Madoa ya Ngozi na Makosa ya Ulimi: Marabi na Sheria ya Walawi

Sura ya 13 na ya 14 za Mambo ya Walawi zinaeleza kwa kirefu hali ambayo kwa Kiebrania huitwa tsaraati, yaani madoa yanayojitokeza kwenye ngozi ya mtu, kwenye nguo na hata kwenye kuta za nyumba. Mwenye madoa hayo huhesabiwa kuwa najisi, lakini unajisi katika Torati si uchafu wa mwili wala si lazima utokane na dhambi, kwani hata anayemzika mzazi wake, ambaye anatimiza wajibu mkubwa, hunajisika kwa kugusa maiti. Ni hali inayomzuia mtu kuingia hekaluni na kula vitu vitakatifu mpaka atakapotakaswa. Wasomaji wengi wa Biblia huichukulia tsaraati kuwa ndiyo ukoma, ilhali wafasiri wa Kiyahudi waliona tangu zamani kwamba sheria hii haikuwekwa kwa ajili ya kuzuia maambukizi.

Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo uliokamilika karibu na mwaka 200, ina juzuu nzima ya sura 14 iitwayo Negaim inayohusu madoa hayo. Mkaguzi ni kuhani, si tabibu, naye hakagui alfajiri wala jioni, wala siku ya mawingu, kwa sababu mwanga hafifu hupotosha rangi. Hupima weupe wa doa kwa kuulinganisha na theluji, chokaa ya hekalu, sufu na utando wa yai, kisha hutazama kama nywele zimegeuka kuwa nyeupe, kama nyama mbichi imeonekana au kama doa limeenea. Penye shaka, mtu hutengwa kwa siku 7 na kukaguliwa upya. Hakuna aruhusiwaye kukagua madoa yake mwenyewe, na doa hata liwe dhahiri namna gani, mtu hawi najisi mpaka kuhani atamke.

Hukumu nyingine zinashangaza zaidi. Bwana harusi huachwa amalize siku 7 za karamu yake kabla ya kukaguliwa, na mtu aliyegeuka mweupe mwili mzima hutangazwa kuwa safi. Nyumba inaposhukiwa, kuhani huagiza vyombo vyote vitolewe nje kabla hajaingia, ili visinajisike pamoja nayo. Rabi Meir, mmoja wa marabi wanaonukuliwa katika Mishna, alieleza kwamba vyombo vya mbao, nguo na chuma vingeweza kutakaswa kwa maji, hivyo vilivyookolewa kwa agizo hilo ni vyombo vya udongo tu, mtungi na birika lake. Na ikiwa Torati inajali mali duni kama hiyo, sembuse uhai wa watoto wa mtu na nafsi yake. Katika karne ya 19, Rabi Samson Raphael Hirsch wa Ujerumani alitumia hukumu za namna hii kupinga rai kwamba hizi zilikuwa kanuni za afya.

Basi sheria hii ilikusudia nini? Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, katika juzuu ya Arakhin, inataja makosa 7 yanayoleta madoa, yakiwemo kiburi, wizi na uchoyo, lakini inakazia zaidi usengenyaji, kwa kuwa Miriamu, dada yake Musa, alipatwa na tsaraati baada ya kumsema ndugu yake huyo. Msengenyaji aliwatenganisha mume na mke, mtu na mwenzake, kwa hiyo naye hukaa peke yake nje ya kambi. Mwanazuoni wa Kiyahudi Maimonides (1138–1204) aliongeza kwamba adhabu huja kwa hatua, ikianzia kwenye nyumba, kisha vyombo vya ngozi, kisha nguo, na mwishowe mwili, ili mkosaji apate nafasi ya kutubu.

Mafundisho hayo hayampi mtu yeyote ruhusa ya kumhukumu mgonjwa. Talmudi hiyohiyo, katika juzuu ya Bava Metzia, inakataza kumwambia aliyepatwa na maradhi au msiba maneno kama yale ambayo rafiki zake Ayubu walimwambia, kwamba ameponzwa na dhambi zake. Nao ukoma, ambao wengi huuchanganya na tsaraati, husababishwa na bakteria aliyegunduliwa na daktari Hansen huko Norway mwaka 1873, na leo unatibika kwa dawa. Anayemnyanyapaa mgonjwa wa ngozi kwa kisingizio cha Mambo ya Walawi anatenda kwa ulimi wake kosa lilelile ambalo marabi waliiona sheria hii kuwa inalikemea.